Msafsafu wa Bi Nesi

Ukila kwa Bi Nesi, sabuni ilikuwa ya mwisho. Kwanza uliletewa bakuli la bati, ukamiminiwa maji mikononi, ukapewa kipande cha ndimu ujisugue mafuta ya pilau, na maji yale yakachukuliwa uani kwa uangalifu kama vile ni mchuzi. Hapo ndipo, kama roho yako bado haijaridhika, ulipoonyeshwa bomba. Wageni wapya walidhani mwanamke yule ni bahili. Sisi majirani tulikwisha kuzoea, tukijua kwamba maji yale yanakwenda kunyweshwa mti, na kwamba mti haukupenda sabuni.

Tulikaa naye mtaa mmoja Wadi Kabir, huku Uarabuni, nyuma ya magereji, pale nyumba za zamani zinapoishia kwenye mawe ya mlima. Wenzake wengi waliotoka Unguja walishahamia majumba mapya ya Seeb na Mawaleh, kwenye barabara pana na misikiti yenye maegesho. Yeye alibaki. Alikuwa muuguzi wa hospitali umri wake wote wa kazi, na alipostaafu mtaa mzima uligeuka wodi yake. Aliingia nyumba za watu bila kubisha sana, akafungua friji, akatazama kilichomo, akaifunga, kisha ndiyo akatoa salamu.

Alikuwa na tabia moja iliyomponza na kumpa heshima kwa pamoja: hakuweza kumdanganya mgonjwa. Mama yangu, mwenye sukari ya siku nyingi, alimwuliza wakati mmoja kwa sauti ya kutaka kubembelezwa, "Shoga, kwani miye ntapona kweli?"

"Kupona huponi," akajibiwa palepale. "Lakini ukiiacha halwa utaishi nayo vizuri tu. Usipoiacha, tutakuja kunywa kahawa ya msiba wako, na hiyo halwa tutaila sisi."

Mama alinuna. Baadaye akampelekea samaki wa kupaka, kwa sababu kumnunia Bi Nesi kulikuwa kazi bure. Hakuwa akitambua kwamba umenuna.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Huyo aliyekataza sukari mtaa mzima, mimi mwenyewe nilimkuta nyuma ya mlango wa jiko anatafuna visheti, sukari imemjaa kidevuni, akanitazama bila haya na kusema, "Mimi sukari yangu nimeipima." Huyo aliyewacheka wenye kuogopa jicho la hasidi, ndiye aliyeufunika mti wake kwa kanga kila alipokuja yule jirani wetu wa nyumba ya kona, mama mwenye sifa nyingi mdomoni. Nilipomtania, alisema kanga imeanikwa. Imeanikwa juu ya mti mmoja, uani kuna kamba tatu tupu.

Mumewe tulimwita Injinia. Alikuwa mtu wa kimya, kanzu yake imepigwa pasi hata siku ya kukaa nyumbani, kalamu mfukoni. Nyingi ya barabara tunazopita leo kwenda kazini, yeye alikuwamo katika kuzipima. Ujanani alisomea kazi yake Ulaya, katika mji wa baridi ambao jina lake lilitushinda kutamka, na mtaani tulimheshimu kwa hilo ingawa hakuwa akijitapa nalo. Kisha alipozeeka akili ikaanza kumhama. Alisahau kwanza majina ya wajukuu, halafu njia ya msikitini, halafu kwamba ameshastaafu. Kilichobaki, cha ajabu, ni mji ule wa baridi. Alasiri ikifika alisimama, akapangusa kanzu, akasema, "Nnakwenda ziwani," na akatoka.

Wadi Kabir hakuna ziwa. Kuna magari, tena yanayorudishwa nyuma kutoka magereji na madereva wasiotazama. Mafundi wa matairi walishamjua. Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakampa chai ya maziwa, wakampigia simu mkewe. Mara nyingine alikuwa ameshapita magereji. Bi Nesi alitoka mbio na ndara zake, shela imeangukia mabegani, na hiyo ndiyo hofu pekee niliyopata kuiona usoni mwake.

Mtoto wao mkubwa wa kiume, anayekaa Seeb, alikuja kila Ijumaa na neno lilelile. Ameshatengeneza chumba cha chini, geti lina kufuli, kuna mtu wa kumtazama Baba mchana na usiku. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na khofu, na khofu yake ilikuwa na haki.

"Ukimtia kwenye nyumba asoijua," Bi Nesi alimwambia, "atautafuta mlango mpaka afe. Hapa angalau choo anakijua."

"Basi akipotea tena, Mama, wallahi namchukua."

Ndipo Bi Nesi alipofanya jambo ambalo sisi wengine, tuliokuwa tukimkatalia mzee yule kila siku kwamba hakuna ziwa, hatukuliwaza. Alimwuliza. Alikaa naye barazani kama anavyomwuliza mgonjwa anaumwa wapi, akataka kujua ziwa hilo likoje. Injinia akamweleza bila kukosea neno: maji si mengi, ni kidimbwi tu kwenye bustani. Kuna bata. Kuna mti ambao matawi yake yanashuka chini, yanaingia majini, ukikaa ndani yake watu hawakuoni. Waarabu wanauita safsaf. Sisi baadaye tukautia Kiswahili, tukauita msafsafu.

Uani kwake kulikuwa na birika la saruji la zamani, la kumwagilia mtende na ndimu. Alilipanua, akalishusha ukingo ili mtu aweze kukaa na kutia miguu. Viyoyozi vya nyumba yake, na vya kwetu tuliopakana naye, alivifunga mipira ya maji, na matone yote yakawa yanakwenda birikani. Kwa kuwa nesi haweki maji ya kuzalia mbu, alikwenda kwa jamaa zake wa bara akarudi na galoni la samaki wadogo wa falaji, ile mifereji ya mashambani, wale wanaodonoa miguu. Habari ya bata yeye hakutaka hata kuisikia.

Injinia alikaa hapo siku ya kwanza, samaki wakamtekenya, akacheka kicheko ambacho mtaa haukuwahi kukisikia. Kisha akatazama huku na huku. "Mti uko wapi?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Wa kwanza aliununua kwa wauza miche wa barabarani, nao walimwapia kwamba ndiwo. Ukatoa maua mekundu kama brashi. Injinia aliutazama, akamwambia mkewe kwa adabu, "Siwo huu," akavaa viatu. Wa pili ulikuwa kijiti alicholetewa na mpwa wake kutoka safari ya Ulaya, kimefungwa kitambaa kibichi ndani ya sanduku la nguo. Ulitoa mizizi, ukachipua, na joto la mwezi wa sita likaubabua kwa wiki moja. Akaagiza kijiti kingine. Safari hii kiangazi kizima aliufunika mti kwa shuka kuukuu za hospitali, akazilowesha asubuhi na alasiri, akausomea Ayatul Kursi, akaunywesha maji ya udhu. Naam, hata udhu wetu aliudai. Ikiadhiniwa uko kwake, ulitawadhia pale shinani.

Ukashika. Wacha niseme kweli, ulikuwa mti mzuri. Majani yake membamba, upande mmoja kijani na mwingine kama fedha, na vitawi vyake vilishuka vyenyewe bila ya kufundishwa. Injinia aliukubali. Alasiri alikaa ukingoni, mkewe pembeni yake, na hakuuliza tena njia ya kwenda popote.

Wanawake wa mtaani walikipenda kisa kile kupita kiasi. Kila mmoja alimweleza mwenzake jinsi wawili wale walivyokutana ujanani, huko kwenye baridi, chini ya mti kama ule, na jinsi mke anavyomrudishia mumewe mapenzi yao ya kwanza. Mama yangu alikisimulia mpaka Ruwi, kwa mshonaji wake. Bi Nesi alikisikia mara nyingi. Mtu aliyekuwa akitusahihisha hata namna ya kukohoa hakukisahihisha wala kukithibitisha. Alisema tu, "Mna kazi nyie," akainuka kwenda kuloweka shuka.

Sasa nifike kwenye msiba wa mti, maana mtaa wetu hautausahau.

Ilikuwa wakati wa baridi, na mwaka ule baridi ilikaza. Bi Nesi alifiwa na jamaa yake Nizwa, akaenda kuzika na kukaa matanga, akamchukua na Injinia. Walipokuwa huko, mti ukapukutika. Majani yote yakawa manjano, yakaanguka majini, vikabaki vijiti vya rangi ya kahawia vinaning'inia. Mama yangu alichungulia juu ya ukuta akapiga kifua. "La haula! Shoga yangu kafiwa huko, na huku mti nao umemfia!"

Kwetu mtu akifiwa, majirani ndio wanaotoa godoro la marehemu, wanaofua shuka na kukunja nguo zake, ili mwenye msiba asikute cha kumchoma moyo. Ni kazi ya heshima na haiombwi. Mimi nilikuwa kazini benki; niliporudi ilikuwa imeshafanywa. Mama na wenzake walikuwa wamemwita mtu mwenye msumeno, mti umekatwa usawa wa kifundo cha mguu, matawi yametupwa kwenye pipa la taka la baladia, ua umefagiwa, na juu ya kisiki wamepanga vyungu vya mrehani. Walikuwa wanalia kidogo na wameridhika sana na nafsi zao.

Bi Nesi alirejea kesho yake alasiri. Alisimama uani na mkoba bado mkononi.

"Nani kanikatia mti?"

"Ulikuwa umeshakufa, shoga," Mama akasema kwa upole. "Tumekuondolea usiuone."

Bi Nesi alisogeza vyungu, akapiga goti, akakwaruza kisiki kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani, tena pamelowa. "Ulikuwa umelala," alisema. "Miti ya baridi hupukutika ikalala. Ikipata joto huamka."

Mama alimtazama kama aliyeambiwa kwamba ukuta unapiga chafya. "Mti ukalala? Mnazi haulali. Mkarafuu haulali. Mtende haulali. Sisi tutajuaje, shoga, kwamba kuna mti unaolala?" Kisha akaelewa alichokifanya, akakaa chini hapohapo kwenye saruji, akalia kilio cha kweli.

Bi Nesi hakumtukana. Nadhani angemtukana ingekuwa nafuu. Injinia akatoka ndani, akaenda mpaka ukingoni, akatazama maji, akatutazama sisi. "Mti uko wapi?"

Haikupita wiki akatoka. Alikutwa njia ya kwendea kijiji cha Bustan, anaupanda mlima katikati ya magari, viatu mkononi. Mwenye gari aliyemrudisha alikuwa anatetemeka kuliko yeye. Jioni ile mtoto wao alikuja, na begi la babake alilifungasha mwenyewe.

"Khalas, Mama."

"Nipe mpaka uchipue," Bi Nesi alisema.

"Mama, unanipa ahadi ya kisiki?"

"Nipe mpaka Idi. Usipochipua, mchukue. Na mimi nichukue pamoja naye, maana sibaki hapa." Sijapata kumsikia akiomba, kabla ya siku ile wala baada yake. Mtoto akalirudisha begi chumbani.

Mama yangu ndiye aliyekumbuka pipa la baladia. Kwa bahati lori la taka lilikuwa halijapita mtaa wetu tangu mti ukatwe, na wanawake wazima, na mabuibui yao ya kutokea, waliingia taka mpaka viwikoni wakitoa matawi. Bi Nesi aliyakata vijiti, akachagua vyenye ubichi, akagawa. Kila nyumba ndoo moja, kila ndoo vijiti vichache, na amri: maji ya bomba yakae wazi kwanza yatoke dawa. Mwezi wa Ramadhani tuliulizana habari za ndoo kabla ya habari za futari. Mama ndoo yake aliiweka chumbani kwake na akawa anaomba radhi mbele yake, nikimsikia. Mizizi ikaanza kutoka, myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea kofia.

Ndoo moja Bi Nesi aliiweka mbele ya Injinia pale birikani. Alipouliza mti uko wapi, alimwambia, "Ndio huu. Bado mdogo, unataka mtu wa kuutazama." Injinia alikubali kazi ile. Alikaa na ndoo miguuni kutwa, akawafukuza paka, na akitaka kwenda msalani alimkabidhi mtu kwanza.

Asubuhi ya Idi mtoto wao alikuta kisiki kimezungukwa na machipukizi, na vijiti vya mtaa mzima vimepandwa ukingoni, vimeshikiliwa kwa fito, na babake katikati yake miguu majini. Aliyatazama hayo. Akavua viatu, akakunja kanzu, akakaa naye, samaki wakaanza kumdonoa. Habari ya begi haikutajwa tena.

Injinia alifia nyumbani kwake, kitandani kwake, miaka kadhaa baadaye, na siku hizo zote hakupotea hata mara moja. Msafsafu ulikwisha kuinama mpaka majini kama alivyotaka. Majirani tulitoa godoro na kukunja kanzu. Mti hatukuugusa.

Bi Nesi alipotoka eda nilikwenda kumtazama. Nilikwenda na jambo pia. Mizizi ilikuwa imepasua birika na kuingia kwenye mabomba ya maji machafu. Maji yalikuwa yanarudi mpaka jikoni kwa Mama. Mtoto wao alitaka kuufukia ule ua wote, amchukue mama yake Seeb, na alikuwa ameniomba nimshawishi. Mimi nilikuwa nimeazimia kufanya kinyume chake. Nilimkuta amekaa ukingoni, peke yake, hana cha kuloweka wala wa kumtazama.

"Bi Nesi," nikamwambia, "usikubali ukatwe. Mabomba tutatengeneza. Huu ni ukumbusho wenu. Huko mlikokutana..."

"Tulikokutana?" Alinigeukia. "Mwanangu, sisi tulikutana Darajani, dukani kwa mjomba wake. Mimi huko Ulaya sijapata kufika. Mti huu sikuwa nimeuona hata kwenye picha."

Alitia mkono majini, samaki wakausogelea.

"Alikuwako msichana," akasema. "Huko alikosoma. Walikuwa wakikaa chini ya mti huo. Kisha babake akamwandikia arudi aoe, akarudi, akanioa miye. Hakunificha, alinambia mara moja tu, na mimi sikumwuliza tena. Mume mwema. Hakunipigia kelele hata siku moja."

"Na ulijua? Tangu ulipomwuliza habari za ziwa?"

"Nilijua kabla hajamaliza kueleza."

"Kwa hiyo ulikuwa ukimpandia yule mwanamke mti."

"Nilikuwa nikimpandia mume wangu. Yule kapata kivuli tu." Alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. "Siku ya kwanza mti ulipoinama vizuri, tumekaa hapa, akanishika mkono. Akaniita jina lake yule. Lena. Nikaingia jikoni, nikavunja bakuli la kigae nililopewa siku ya harusi yangu. Nikaokota vipande vyote, nikanawa uso. Nikamsikia anaita tena huku nje. Na sauti ile, mwanangu... Mimi hakupata kuniita kwa sauti ile tangu anioe. Nikaona, huyu mtu anamngoja mwenziwe, na hapa hakuna mtu ila mimi. Nikatoka. Nikaitika, labeka."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, umetoka majini.

"Nikawa mimi ndiye Lena kila alasiri. Alinieleza mambo mengi. Aliniambia ana khofu ya kurudi kwao kuozwa mtu asiyemjua. Nikamwambia asikhofu, huenda akawa mwanamke mwema. Akasema, 'Inshaallah.'" Alifuta macho kwa ncha ya kanga, kwa nguvu, kama anamfuta mtoto. "Mwambie mwanangu Seeb siendi. Na mti haukatwi."

"Nitamwambia."

"Nyumba kimya. Alasiri ikifika nakuja hapa nakaa. Angeniita sasa hivi, hata kwa jina lile, ningeitika."